Wananijibu 3/7

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nimeanza kufundisha hisabati kidato cha kwanza hapa Arua, Uganda. Wanafunzi watatu kitabu kimoja, na nikiandika 2/3 + 1/4 wengi wanajibu 3/7. Na PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, walifaulu! Mtaala wa 2020 nao unataka kazi za vikundi. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hiyo 3/7 usiifute ubaoni. Waulize inakuwaje jumla isifike nusu, ilhali 2/3 peke yake imeshaipita. Wabishane wawili wawili. Hicho tayari ni kikundi, madawati yabaki yalipo. Kisha chora mstatili wa vyumba 12, watie rangi 8, halafu 3. Wataiona 11/12 wenyewe. Kazi za darasani hubeba asilimia 20 ya alama za UCE, cheti cha kidato cha nne, kwa hiyo tunza rekodi mapema. Madaftari? Sahihisha ya safu moja ya madawati kwa siku, ulale.