Kabla ya kumsikiliza Caroline Shaw, menya chungwa

Mpwa wangu ana miaka 12 na anapiga viola, ndugu mkubwa wa vayolini, katika okestra ya shule yao hapa Maryland. Siku moja mwalimu aliwapa kazi: kila mtoto amtafute mtunzi aliye hai, asikilize kipande chake kimoja, kisha aje aeleze darasani kimetokana na nini. Akaja kwangu na simu mkononi, uso umemkunjamana.

"Shangazi, hebu sikiliza. Hawa wanapiga au wanatengeneza vyombo?"

Kilikuwa kipande kiitwacho Entr'acte cha Caroline Shaw, cha kwarteti ya nyuzi, yaani vayolini mbili, viola na selo. Mwanzoni vyombo vinne vilipanda na kushuka pamoja kama kifua cha mtu aliyelala. Mara sauti zikaanza kukauka. Upinde unapita juu ya uzi lakini noti haipo, imebaki hewa tu, kama mtu anayefagia ua alfajiri. Mimi nimekulia Tanga, fidla naijua kwa taarabu: inamjibu mwimbaji, inalalamika, inabembeleza. Fidla inayofagia sikuwahi kuisikia. Nusura nimwambie mtoto achague mtunzi mwingine.

Nashukuru sikumwambia. Tangu siku ile nimeshamsikiliza Shaw mara nyingi, na ushauri wangu kwa yeyote anayeuona muziki wa namna hii mgumu ni mmoja: usianze na muziki. Anza na kitu kilichomfanya mtunzi akae chini aandike. Kiguse, kionje, kizunguke, kisikilize, halafu ndiyo urudi kwenye nyuzi.

Kwa Shaw jambo hili ni jepesi kwa sababu hafichi alikokitoa kitu. Alizaliwa North Carolina mwaka 1982, ni mpiga vayolini na mwimbaji, na mwaka 2013 alipata Tuzo ya Pulitzer ya muziki kwa Partita for 8 Voices. Alikuwa na miaka 30, na hajapata kutokea mtunzi mdogo kuliko yeye kuipata. Hata kazi hiyo ya sauti nane ina asili yake ya kushikika: mchoro wa ukutani wa msanii Sol LeWitt, ule wenye namba 305. Vipande vyake vya kwarteti navyo viko hivyo hivyo. Kimoja kimetoka kwa Haydn, mtunzi wa zamani wa Ulaya, kingine kwenye tunda, kingine kwenye bustani.

Tuanze na Haydn, maana ndiye aliyetufungulia sisi wawili. Shaw aliandika Entr'acte mwaka 2011, baada ya kuwasikia kundi la Brentano Quartet wakipiga kwarteti ya Haydn, Opus 77 namba 2. Haydn aliitunga mwaka 1799, akiwa mzee wa miaka 67, na ndiyo kwarteti yake ya mwisho kuikamilisha. Ndani yake mna menueti, dansi ya hesabu ya tatu. Inaruka kwa kishindo, na msisitizo unaangukia pale ambapo mguu haukutegemea. Halafu, katikati, kila kitu kinatulia ghafla. Kutoka ufunguo wa F tunajikuta kwenye D-flati, mahali pa mbali kabisa, na nyuzi zinaimba taratibu kama watu walioingia chumba chenye mgonjwa. Badiliko hilo ndilo lililomgusa Shaw.

Nilimwekea mpwa wangu menueti hiyo mara tatu, nikamwambia ainue mkono pale anapoona tumehama. Mara zote tatu aliinua palepale. Tukarudi kwenye Entr'acte, na ule ufagiaji haukuwa tena kelele za ufundi. Shaw amechukua umbo lile lile, menueti na sehemu ya katikati, akalitanua. Sauti zinapokauka ni dansi inayochakaa mbele ya macho yako hadi uzi wake uonekane. Katikati wote wanaacha upinde na kudonoa nyuzi kwa vidole, kama matone ya kwanza ya mvua kwenye bati. Na mwishoni selo inabaki peke yake, inadonoa nyuzi zake moja baada ya nyingine kwa upole, kila mdonoo ukiachiwa muda wa kufa wenyewe. Kwa sikio la mtu wa pwani, pale ni udi mtupu. Nilifumba macho nikamwona marehemu babu barazani, na sikutegemea kumkuta huko.

Ushauri mdogo wa vitendo hapo hapo: usisikilize muziki huu kwa spika ya simu. Zile sauti za hewa, ambazo ndizo nusu ya utamu, spika inazimeza. Vaa visikilizio, hata vya bei ndogo. Na kama unaweza kufika kwenye onyesho, kaa mbele uone mikono. Huu ni muziki wa chemba, wa wapigaji wachache wasio na kondakta, kila mmoja na sehemu yake. Ukiwatazama utaona wanavyopeana ishara kwa pumzi na nyusi, na utajua nani anamsubiri nani.

Sasa chungwa. Mwaka 2012 Shaw aliandika Valencia, kipande kifupi kilichotokana na chungwa la kawaida, ila amelitazama kwa makini kuliko tunavyolitazama wengi wetu. Nikasema, machungwa? Mimi wa Tanga, jirani na Muheza, ndiye wa kufundishwa machungwa? Lakini nilipofikiri niliona kuna jambo. Sisi chungwa tunalimenya kwa kisu, ganda la juu linatoka mviringo mmoja mrefu, tunakata kichwa, tunakamua kwa mkono huku tunanyonya. Tunalijua kwa ulimi. Ndani yake hatuoni.

Basi tukalimenya kwa mikono, mimi na mtoto, mezani jikoni. Tukatoa kipande kimoja, tukaichana ngozi yake nyembamba kwa ukucha, tukakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Vile vifuko vya maji! Mamia, kila kimoja chembamba upande mmoja na kinene upande mwingine, vimelala vimebanana, vinang'aa kama taa ndogo. Ukikigusa kimoja kinapasuka kidoleni. Mpwa wangu alikaa navyo kimya muda mrefu, kisha akabonyeza kipande kianze. Kinajaa zile sauti nyembamba za juu zinazotoka pale kidole kinapougusa uzi bila kuukandamiza, zinavimba, zinateleza, halafu unakuja mlipuko wa rangi. "Vinapasuka," akasema. Kazi yake ya shule ilikuwa imekwisha, maelezo mengine yalikuwa ya kuandika tu.

Bustani ilichukua muda zaidi kwa sababu ilibidi tuifuate. Inaitwa Dumbarton Oaks, iko Georgetown, Washington, na ni mali ya Chuo Kikuu cha Harvard tangu mwaka 1940, ilipotolewa na Mildred na Robert Bliss. Mbunifu wake ni Beatrix Farrand, aliyeianza mwaka 1921. Nyumba ile imezoea muziki mpya: mwaka 1938 kina Bliss walimwagiza mtunzi Stravinsky kipande cha vyombo 15 kuadhimisha miaka 30 ya ndoa yao, na kikabeba jina la nyumba. Shaw naye alialikwa kukaa pale akiandika, na mwaka 2015 ikatoka Plan & Elevation. Mafundi ujenzi wanayajua maneno haya. Plani ni mchoro wa jengo likitazamwa kutoka juu, elevesheni ni jinsi linavyoonekana ukisimama mbele yake. Sehemu zake tano zina majina ya mahali ndani ya bustani.

Ukiweza kwenda, nenda alasiri, isiwe Jumatatu maana hufungwa. Mahali pa kwanza ni The Ellipse, uwanja wa umbo la yai uliozungukwa na miti ya hornbeam iliyokatwa ikanyooka kama ukuta unaoelea. Shaw alikuwa akipazunguka na kupazunguka ili akili itulie. Tukafanya vivyo hivyo, kila mtu na kisikilizio sikio moja. Kwenye mzunguko wa tatu nilielewa kwa nini muziki unarudi palepale kila mara bila kuchosha: miguu yangu ilikuwa inafanya jambo lile lile. Kwenye The Orangery, chumba cha vioo, mtini mkongwe unaotambaa umefunika kuta na kupanda juu. Mwanga unapenya kwa shida kati ya majani, vivuli vinavunjika vipande vipande sakafuni, na noti nazo zinavunjika hivyo.

Hapo kwenye bustani lakini nilikosea, na naomba usirudie kosa langu. Tulipofika kwenye The Beech Tree, yaani mti wa beech, sehemu ya mwisho, nilianza kumwonyesha mtoto: sikia, haya ni matawi, sikia, hii ni mizizi. Akanitazama kwa heshima zote.

"Shangazi, mimi sisikii mizizi. Nasikia umetulia tu."

Alikuwa sahihi. Shaw mwenyewe anaueleza mti ule kuwa wenye nguvu, wa kale, mkimya, usiohitaji kutambulishwa. Hakuuchora. Kitu kilichomvutia mtunzi hukupa hali ya moyo na namna ya kusikia. Ukishakiona, kiache. Ukianza kutafuta jani hili liko kwenye noti ipi, utakuwa unasahihisha mtihani wakati muziki unapita.

Vipande vyote nilivyovitaja vya kwarteti vimo katika albamu ya Attacca Quartet iitwayo Orange, ya mwaka 2019, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Anza na Entr'acte, kisha Valencia, bustani baadaye. Kama una mtoto anayejifunza chombo, mpe pia Limestone & Felt. Ni ya viola na selo tu, na imetokana na vitu viwili: jiwe la chokaa, kama lile la kuta za kanisa kuu, na felti, kitambaa kizito kilichomo ndani ya piano.

Mpwa wangu ndiyo anayoing'ang'ania sasa. Jirani yetu wa ghorofa ya pili ana kijana anayepiga selo, basi kila Jumamosi wanakaa jikoni kwangu, wanadonoa, wanagombana kuhusu hesabu, wanaanza upya. Bado wako ukurasa wa kwanza. Mezani kati yao wameweka kokoto ya jiwe la chokaa na kipande cha felti ya kijivu, na nimekatazwa kuviondoa hata wakati wa chakula.