Kabla hujanishtaki kwa upara wako

Mwanangu,

Picha ya utosi uliyopigwa kwa kinyozi imefika. Unauliza kama upara huu nimekurithisha mimi au umeletwa na kofia ya kazini. Mama yako amecheka mpaka akakaa chini.

Kofia haina kesi. Mimi ninayo, ila si peke yangu. Mwanamume hupata kromosomu X kwa mama yake, na humo ndimo ilimo jeni ya kipokezi cha homoni za kiume, inayochangia sana upara. Mkumbuke babu yako mzaa mama akivua kofia kutia udhu, maji yanavyoteleza utosini! Lakini jeni nyingine nyingi hutoka pande zote mbili, kwa hiyo sichomoki: mimi nywele zilianza kunitoka pembeni mwa paji nikiwa na miaka 26.

Homoni yenyewe ni DHT, ambayo mwili huitengeneza kutokana na testosteroni, homoni kuu ya kiume. Ukirithi mashina ya nywele yasiyoivumilia, kila unywele unaoota upya unakuwa mfupi na mwembamba kuliko uliotangulia, hadi yanabaki malaika tu. Usiwaringie wenzako kwamba wenye vipara ndio madume: mwenye nywele tele anaweza kuwa na homoni sawa na zako.

Mmarekani James Hamilton aliliandika hili mwaka 1942. Wanaume waliohasiwa kabla ya balehe hawakuota upara. Walipopewa testosteroni, wa koo zenye upara ndio nywele zilizowatoka.

Dawa zipo. Minoksidili hupakwa, finasteridi humezwa kupunguza DHT; ukiacha, nywele zinaondoka tena. Finasteridi huwapunguzia wengine hamu ya tendo la ndoa, basi anza kwa daktari wa ngozi. Na kwa kuwa mkeo ni mjamzito, asishike kabisa kidonge kilichovunjika. Kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni.

Maji ya kitunguu usihangaike nayo. Nilipaka miezi mitatu, nikaambulia mama yako kuhamia chumba cha wageni.

Ukija Idi, mashine yangu ya kunyolea iko droo ya juu. Usinunue nyingine.

Baba yako