Barua kwa mwanangu: ulizia kilichobaki

Mwanangu, umeniuliza kama kweli utandawazi umekufa, na kama umekufa mbona kuna nchi mauzo yao ya nje yanapaa tu na zingine zimekwama palepale. Haujafa mwanangu. Biashara ya dunia ilikuwa inakimbia kuliko uchumi wenyewe mpaka 2008, baada ya ule mtikisiko wa fedha duniani ikapunguza mwendo, halafu 2018 Marekani na China wakaanza kupandishiana ushuru, mizigo ikatafuta njia zingine. Ndo maana 2023 Mexico ikaipita China kwa kuiuzia Marekani, na Vietnam nayo ikanufaika hapohapo.

Sasa hapa tulia unisikilize, maana hata wasomi wanadanganyika na hizi namba. Chukua iPhone 3G ya mwaka 2009, ilikuwa inaunganishwa China, ikitoka pale inaandikwa mauzo ya nje ya kama dola 179, lakini watafiti walipoihesabu kipande kwa kipande wakakuta kazi ya kuunganisha ni dola 6.50 tu, memori na skrini zimetoka Japani, vingine Korea Kusini, Ujerumani na hukohuko Marekani, yani hela yote imeandikwa jina la China ila iliyobaki pale ni chenji. Kwahiyo ukisikia nchi fulani mauzo yamepanda usishangilie kwanza, ulizia kilichobaki ndani.

Na wenyewe China hawakupanda wote pamoja, walianza na miji michache ya pwani kama Shenzhen mwaka 1980, watu wa bara wakasubiri miaka na miaka.

Kingine ni majirani. Nchi za Umoja wa Ulaya karibu 60% ya mauzo yao wanauziana wao kwa wao, Afrika ni kama 15% tu, na hili linaniuma sana. Eneo Huru la Biashara Afrika lilianza Januari 2021, sawa, ila saini za marais hazifungui geti la mpakani, lori linasimama linasubiri mhuri na cheti cha uasili, yani karatasi ya kuonyesha bidhaa imetengenezwa wapi, dereva katandika mkeka chini ya trela, na kila siku inayopita mzigo unazidi kuwa ghali kabla hata haujamfikia mnunuzi.

Hiyo ripoti uliyopewa kazini, usianze na jumla ya mauzo. Anza na vipuri vilivyoingizwa kutoka nje, toa thamani yake kwenye hayo mauzo, halafu Jumapili nipigie uniambie imebaki ngapi.

Mamako