Utalii wa ziwani: maswali yenu kuhusu boti, bei, vyoo na sokwe

Tangu niandike kuhusu vijiji vyetu vya Ziwa Tanganyika hapa Kigoma kupokea wageni, maswali yamekuja mengi, mengine ya kuomba msaada na mengine ya kunisuta, na yote nimeyapokea kwa mikono miwili. Leo najibu machache. Nimeyafupisha ila maana nimeiacha palepale. Na msimamo wangu niuseme mapema ili usije ukasoma mpaka chini unanitafuta nimesimama wapi: kijiji kinachosubiri mgeni ashuke kwenye boti ndio kianze kujipanga kimeshachelewa, bei itapangwa na mtu wa mjini, na chupa za maji zitabaki mwaloni.

Nina boti ya mbao ya injini hapa Kibirizi, wageni wananiulizaga kwenda Gombe, hifadhi ya sokwe, ni bei gani. Naruhusiwa kuwabeba? (Kijana wa Kibirizi)

Mdogo wangu, kubeba abiria na magunia ni kitu kimoja, kufanya biashara ya utalii ni kitu kingine. Kwanza chombo chenyewe kikaguliwe na TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, upate cheti, na kwenye cheti kuna idadi ya watu, hiyo idadi uiheshimu hata siku mgeni anakuongezea hela. Pili kuna leseni ya biashara ya utalii, wengi tunaiita TALA, inatoka Wizara ya Maliasili na Utalii. Kama peke yako huiwezi, mnaweza kuungana wenye boti mkasajili kampuni moja BRELA, wakala wa kusajili makampuni, au ukafanya kazi chini ya kampuni ambayo tayari ina leseni, lakini kwa mkataba wa maandishi, sio wa "tutaelewana tukirudi".

Viingilio vya hifadhi havilipwi taslimu, vinalipwa kwa kontroo namba au kadi, kwa hiyo ukiona mtu pale ufukweni anamwambia mgeni "nipe mimi nitakulipia ndani" ujue hapo kuna jambo. Gombe ni kama kilomita 16 tu kaskazini mwa mji, karibu kabisa, na huo ukaribu ndio unafanya watu wanadharau maboya. Maboya yavaliwe, yasikaliwe. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa inakaribia kabisa kutia nanga kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, kivuko cha abiria 101, wakafa watu zaidi ya 200. Ufukwe walikuwa wanauona kwa macho.

Mtalii ana mafua kidogo tu, amelipa hela nyingi, kwanini azuiwe kuona sokwe? (Mwanafunzi wa utalii)

Kwa sababu mafua yetu yanaua sokwe. Wanakaribiana sana na sisi kimwili, magonjwa yetu wanayapata vizuri tu. Mwaka 1966 polio iliingia kwa sokwe wa Gombe, wengine wakafa na wengine wakabaki na viungo vilivyopooza. Mwaka 2006 Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe kwenye ziwa letu, kukapita ugonjwa wa mfumo wa hewa ukaondoka na sokwe kadhaa. Ndio maana kuna kukaa mbali mita 10, ndio maana muda ni saa moja na kikundi ni kidogo, na Mahale mnavaa barakoa. Wewe ukiwa mwongoza watalii usimwonee mgeni huruma ukawasahau hao ambao mgeni mwenyewe amewafuata.

Boti za watalii zinapita kijijini kwetu, wanashuka, wanapiga picha watoto wetu na dagaa wetu, wanaondoka. Hela hatuioni. Tufanyeje? (Mama wa Mtanga)

Shikamoo mama. Hili ndilo swali lililonikalisha, na nitalijibu kwa kirefu.

Anzieni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, sio kwenye kikundi cha watu watano. Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, mnazijadili kwenye mkutano mkuu, alafu zinapelekwa halmashauri ya wilaya zipitishwe. Humo ndio muweke kwamba mgeni akishuka anapokelewa wapi, analipa nini, anapewa risiti na nani, na mtoto hapigwi picha bila mzazi kukubali. Bila karatasi hiyo mkidai hela mtaonekana mnasumbua watalii, mkiwa nayo mnatekeleza sheria.

Kuna nchi ya visiwa inaitwa Palau, huko bahari ya Pasifiki, ni nchi ndogo sana. Tangu Desemba 2017 mgeni akifika anapigiwa muhuri kwenye pasipoti wenye maneno ya ahadi, na anatia sahihi yake kwamba hataharibu mazingira na atawaheshimu wenyeji, na ahadi yenyewe imeandikwa kwa ajili ya watoto wa Palau. Nyie pasipoti hamna uwezo nazo, ila ubao mnaweza. Ubao mmoja mwaloni, Kiswahili juu, Kiingereza chini, sheria chache, jina la kijiji, na namba ya ofisi ya mtendaji.

Sasa hela. Kiingilio peke yake hakitawatoa, cha kuwatoa ni kumfanya mgeni akae masaa mawili badala ya dakika kumi. Mgeni ametoka Ulaya hajawahi kuona dagaa wanavyoanikwa, hajawahi kuona mawese yanavyokamuliwa, yaani kitu ambacho wewe mama unakifanya huku unapiga stori na jirani, yeye anataka kukaa akitazame na akijaribu. Mmoja anamuonyesha chanja, anamueleza kwanini dagaa wa kwenye chanja wana bei kuliko waliolala mchangani, anamuonjesha. Mwingine kapika: ugali wa muhogo, migebuka iliyoungwa na mawese, na sahani imefunikwa. Bei imeandikwa ukutani, moja kwa wote. Mkianza kila mtu kutaja bei yake kwa kuangalia viatu vya mgeni, msimu mmoja tu waongoza watalii wataacha kushusha watu kwenu.

Alafu daftari. Kila siku wageni wangapi, hela kiasi gani, na kabla ya hela ya kwanza kuingia muwe mmeshakubaliana mgawo, kiasi fulani kwa waliofanya kazi, kiasi cha kikundi, kiasi cha kijiji, na cha kijiji kisomwe kwenye mkutano. Bodi ya Utalii ina programu ya utalii wa utamaduni tangu miaka ya 1990, vikundi vya vijijini vinasajiliwa humo, waulizeni. Na kwa mtaji msisahau ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, mkopo hauna riba. Ofisi ya maendeleo ya jamii ndio mlango wake, nendeni mkiwa na katiba ya kikundi na lile daftari.

Unatuletea habari za Mafia na Zanzibar kila siku. Sisi sio kisiwa! (Mzee wa Ujiji)

Mzee wangu shikamoo, ni kweli kwenye ramani sisi sio kisiwa. Lakini chukua kijiji kama Mwamgongo, hifadhi iko upande mmoja, milima nyuma, ziwa mbele, saruji inakuja kwa boti, soda inakuja kwa boti, mgonjwa anaondoka kwa boti. Maisha hayo ni ya kisiwa. Na shida zake ni zilezile: maji safi machache, ardhi finyu, taka zikishaingia hazina pa kwenda.

Ndio maana nawataja Chumbe. Kisiwa kidogo jirani na Unguja, miamba yake ya matumbawe ikawekwa chini ya ulinzi miaka ya 1990. Wana bangaloo 7 tu na hawajaongeza. Maji wanakinga ya mvua kwenye paa, umeme wa jua, vyoo havitumii maji, vinageuza uchafu kuwa mboji. Walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wa hapohapo, watu wanaojua mwamba upi una nini, na walilinda bila bunduki. Hela ya wageni inalipia ulinzi na inaleta watoto wa shule kujifunza.

Na kwa sisi wa Ujiji kuna Misali, kule Pemba, eneo la hifadhi tangu 1998. Wavuvi walikuwa wameambiwa sana habari za sheria za serikali, haziwaingii. Masheikh walipoanza kuzungumza kwa mafundisho ya Qur'ani, kwamba mwanadamu ni khalifa, kakabidhiwa viumbe avitunze, maneno yakasikika tofauti. Misikiti Ujiji haijatuishia mzee, na wewe ni mtu unayesikilizwa pale.

Kuna vitabu au miongozo ya bure ya kufundishia? (Mwalimu wa sekondari, Kigoma mjini)

Ipo. Baraza la dunia la utalii endelevu, GSTC, wana vigezo vyao mtandaoni bure, vimejengwa juu ya mambo manne: uongozi, faida kwa wenyeji, utamaduni, mazingira. Kiingereza chake kizito, usiwape watoto hivyohivyo, chukua hayo manne uyageuze maswali ya Kiswahili waende nayo mwaloni kuuliza wazazi. Pia shule ikifungua klabu ya Roots & Shoots inapata miongozo, na hiyo ni mali ya hapahapa kwetu, Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, aliianzisha na wanafunzi wa Dar es Salaam mwaka 1991. Na someni habari za TACARE, mradi wa 1994 wa vijiji vinavyozunguka Gombe. Walichogundua ni kwamba huwezi kuokoa msitu wakati jirani yake hana kuni, hana maji na hana zahanati.

Nataka kujenga mabanda ya wageni juu ya mchanga kabisa, mtu akifungua mlango akanyage maji. (Mjasiriamali, Katonga)

Usijenge. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na hata sheria isingekuwepo, wewe ni mtu wa Katonga, umeona maji yalivyopanda miaka hii yakaingia kwenye nyumba za watu. Sogea nyuma, weka njia nzuri ya miguu na miti, mgeni atatembea na atafurahia.

Kitu cha kukusumbua zaidi kiwe choo. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, na mto unaotoa maji ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, kwa hiyo unachomwaga humu usitegemee kitasafiri kesho kikaondoka. Shimo la choo lililochimbwa mchangani karibu na maji ni kumwaga ziwani tu kwa kuchelewa. Na ziwa hilohilo ndilo jirani yako anachota maji ya kunywa.

Wakifunga ziwa tunalala njaa. Utalii utaweza kutulisha? (Mvuvi wa dagaa)

Kaka, sitakudanganya, hautaweza kulisha wote. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, na mwenye karabai zake na mkopo wa nyavu aliumia. Wanaosema utalii utachukua nafasi ya uvuvi hawajahesabu watu walioko mwaloni.

Ila angalia kalenda. Kiangazi, kuanzia Juni kwenda mbele, ndio wageni wanakuja kwa wingi Gombe na Mahale, kwa hiyo miezi ambayo boti yako imelala ndio miezi ambayo kuna kazi ya kubeba watu, kupika, kubeba mizigo, kuongoza njia. Sasa kazi hiyo haiombwi mwezi wa tano wakati injini imeshazimwa. Ukaguzi wa chombo, leseni, mafunzo ya huduma ya kwanza, Kiingereza cha kusalimia na kutaja bei, vyote vinafanyika mwezi wa kwanza mpaka wa nne. Ongea na BMU yenu, kile kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwaloni, wiki hii, muone ni boti ngapi zinaweza kubadilishiwa matumizi kwa miezi hiyo mitatu, na nyingine zibaki za uvuvi, alafu niandikie wamesemaje.