Mradi wa kwanza kwa mwaka wa kwanza: daraja la spageti
Kwa aliyeuliza mradi gani unafaa wanafunzi wapya wa uhandisi pasipo karakana: daraja la spageti. Kila kikundi cha watu wanne kipate pakiti ya gramu 500, gundi ya epoksi, na pengo la sentimita 50 kati ya meza mbili.

Kabla ya kujenga, kila mmoja asimamishe kijiti kimoja cha spageti juu ya mizani ya jikoni, akikandamize kwa kidole taratibu hadi kianze kupinda, aandike gramu. Arudie na kijiti cha nusu ya urefu ule: mizani itasoma karibu mara nne. Hiyo ndiyo kanuni ya mwanahisabati Euler kuhusu kupinda kwa nguzo (urefu ukiwa nusu, mzigo wa kuipinda huwa mara nne), imeonekana kwa macho. Basi vipande vinavyokandamizwa viwe vifupi, au vijiti kadhaa vigandishwe pamoja. Vinavyovutwa vinaweza kuwa virefu.

Angalieni sana maungio, maana madaraja mengi huachia hapo. Gundi ya moto hunyumbuka na kuacha fremu ipinde. Epoksi iachwe ikauke usiku kucha.

Ning'inizeni ndoo kwenye daraja, mimineni mchanga kikombe kwa kikombe, na simu irekodi. Alama nyingi mpeni aliyetabiri kwa hesabu ni kipande kipi kitavunjika kwanza.