Mtoto Anayesubiri Hatulii: kwa wachoraji wapya wa vitabu vya watoto

Mwezi huu nimepitia kazi za wachoraji watatu wanaoanza, na mara tatu nimekutana na mtoto yuleyule. Macho makubwa ya mviringo, vidoa viwili vyekundu mashavuni, kichwa kimeinamishwa upande, amesimama mbele ya mwezi. Wachoraji hawa hawajuani. Nilipowauliza, kila mmoja alinifungulia folda ya picha alizokusanya mtandaoni ili apate hamasa. Mmoja ana zaidi ya mia nne. Nilishusha pumzi, maana folda ya namna hiyo iliwahi kuniliza. Nawaandikia wao, na ninyi wengine mlioingia kwenye kazi hii juzi. Nawapenda sana wadogo zangu, lakini makosa haya nimechoka kuyaona.

1. Soma mswada mara kumi kabla ya kushika penseli, na usome kwa sauti. Mara ya kwanza utaona matukio tu. Ikifika mara ya nne au ya tano ndipo utasikia pale msomaji anapovuta pumzi, na hapo ndipo ukurasa unapotakiwa kufunuliwa. Kitabu cha picha mara nyingi kina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa ikatoa kurasa 8 au 16 kwa mkupuo. Ukiondoa ukurasa wa jina na wa hakimiliki, unabaki na kurasa pacha, yaani mbili zinazotazamana, 12 hadi 14 hivi. Hiyo ndiyo nafasi yako yote. Basi jamani, kwa nini mamba anayetakiwa kutushtua namwona upande wa kulia, wakati maneno ya upande wa kushoto yanatuambia mto umetulia? Mtoto ameshamwona kabla mama hajamaliza kusoma sentensi. Mweke mamba nyuma ya karatasi.

2. Tengeneza dami, yaani kitabu cha majaribio cha mkono. Kunja karatasi, choma pini katikati, chora kwa kalamu yoyote, ufunue mwenyewe. Uso wa mtu usikae kwenye mshono. Ongeza milimita 3 kila ukingo kwa ajili ya kisu cha mchapaji. Maneno usiyapake ndani ya picha, kwa sababu kitabu kikitafsiriwa, mchapaji hubadilisha bamba la wino mweusi peke yake, na bango lako la rangi litabaki na lugha ya zamani. Ile kijani inayong'aa kwenye skrini haitang'aa karatasini. Haya mnayajua, twende mbele.

3. Hamasa haikai kwenye folda. Hapa nitakaa kidogo.

Kitabu changu cha tatu kilihusu msichana anayemsubiri baba yake arudi safari. Nilipewa miezi minne. Mwezi wa kwanza wote niliumaliza kwa kutazama picha za wenzangu. Nilijiambia natafuta hamasa. Kusema kweli niliogopa karatasi tupu, na kazi ya mtu iliyokwisha inatuliza moyo. Kisha nikaanza kuchora, na mkono ukateleza kwa namna ambayo haujawahi kuteleza. Nikadhani nimebarikiwa. Picha niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kurasa pacha za sita: msichana amekaa dirishani, ametupa mgongo, mwezi umejaa dirisha zima, mkia wa paka unaning'inia pembeni. Rangi za maji peke yake zilinichukua siku tano.

Nilipeleka kazi yote ikiwa imekamilika. Mhariri, mama mtu mzima ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, alizipitia picha kimya kimya. Alipofika dirishani akasimama. Akaenda kabatini, akarudi na kitabu cha mchoraji mwingine, akakifungua, akakilaza kando ya picha yangu. Dirisha. Mgongo. Mwezi. Mkia wa paka. Hata pazia lilikuwa limefungwa upande uleule.

Nikabisha. Niliapa kwamba kitabu kile sijawahi kukitia machoni. Nilisema rangi zangu ni nyingine, na paka wangu ni mweusi. Hakunijibu. Usiku ule nikafungua folda, nikaikuta picha ile, nimeihifadhi mwenyewe mwaka mmoja kabla. Mimi nilikuwa nimeisahau, ila mkono ulikuwa umeihifadhi pia. Sikulala. Asubuhi nilirudi nikamwambia ukweli, nikamwomba radhi kwa kiapo changu. Akasema, "Mwanangu, hiyo ni moja niliyoijua mimi. Kazitazame nyingine."

Nilizikuta nyingine tatu. Picha nne kati ya kumi na tatu zilikuwa za watu, zimevaa rangi zangu. Kitabu kikachelewa. Mwandishi wa hadithi, aliyekuwa amekingoja miaka miwili, ilibidi apigiwe simu, na niliomba niipige mwenyewe. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Halafu akaniuliza swali moja tu: "Wewe umewahi kumtazama mtoto anayesubiri?"

Sikuwa na jibu. Basi nikaenda kutazama. Kwa ruhusa ya walimu, nilikaa siku mbili mahali watoto wanapowangojea wazazi wao baada ya masomo. Hakuna hata mmoja aliyekaa akitazama mbali kwa huzuni. Mmoja alifuata ufa wa ukuta kwa kidole mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akaufuata tena. Mwingine alihesabu viatu vya wapita njia. Msichana mmoja alilala kwa tumbo juu ya benchi, kichwa kimening'inia hadi nywele zinagusa sakafu, anautazama mlango ukiwa juu chini, huku miguu yake ikibembea upande wa pili. Kila mlango ulipofunguka, miguu iliacha kubembea. Alipoingia mtu asiye wake, ikaanza tena, taratibu zaidi.

Miguu ile ndiyo niliyorudi nayo nyumbani. Msichana wangu akashuka dirishani, akalala juu ya kiti, na mlango nikauchora miguu juu kama anavyouona yeye. Mwezi nikautoa.

4. Kwa hiyo beba daftari, dogo, linaloingia mfukoni. Usichore watoto "wazuri", chora wanachokifanya. Mtoto aliyebeba kikombe kilichojaa maji hatazami njia, anayatazama maji, viwiko vimepanda, ulimi umetokeza. Mtoto wa miaka mitatu akikimbia, mikono haijui kinachofanywa na miguu. Na kichwa chake ni kama moja ya tano ya urefu wake wote, wakati cha mtu mzima ni kama moja ya saba au moja ya nane. Mkikosea hapo mnatuletea wazee wafupi waliovaa kaptura, na nimewaona wengi mwaka huu. Hamasa nyingine iko palepale mezani. Eric Carle, mchoraji wa vitabu vya watoto wa Marekani, alikuwa akitoboa karatasi kwa mashine ya ofisini, akatazama yale matundu, akamfikiria mdudu mla vitabu. Baada ya mazungumzo na mhariri wake, mdudu yule akawa kiwavi, na mwaka 1969 kitabu, The Very Hungry Caterpillar, kikatoka na matundu yake.

5. Usichoweza kuchora kisikufukuze. Maurice Sendak, naye mchoraji wa Marekani, alianza na hadithi ya farasi wa porini, akaona farasi wanamshinda. Akawabadilisha wakawa viumbe wa ajabu, na sura akazichota kwa shangazi na wajomba waliokuwa wakija kwao alipokuwa mdogo, wakimfinya mashavu. Kitabu, Where the Wild Things Are, kilitoka mwaka 1963. Mtu ambaye angeweza farasi asingefika pale. Mikono inakutesa? Ichore kila siku, sawa, lakini pia jiulize unachokiweza kinaipeleka wapi hadithi hii.

6. Dami ikiwa tayari, msomee mtoto, na usimuulize kama amependa. Atasema ndiyo, kwa sababu amelelewa vizuri. Tazama kidole chake kinagusa wapi, na ukurasa gani anataka kuufunua kabla hujamaliza.

Dami mpya ya kitabu kile nilimsomea binti wa miaka mitano. Alikuwa akichezea kifungo cha gauni lake, sikujua kama anasikiliza. Tulipofika kurasa za sita akakiacha kifungo. Akakichukua kitabu mikononi mwangu, akakigeuza juu chini, akatazama. Akakirudisha sawa. Kisha akakiweka sakafuni, akapanda juu ya kiti kwa tumbo, akaning'iniza kichwa, akaanza kuutazama mlango wetu.