Kupe Anaweza Kupindisha Mdomo wa Mtu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume alitoka kutembea msituni na kupe nyuma ya goti, tukamtoa tukasahau. Mwezi haujaisha vizuri kaamka mdomo umeenda upande, jicho la kushoto halifumbi, na usiku analia mgongo unamuwaka. Wengine wanasema kiharusi, wengine karogwa. Kupe anaweza kufanya yote haya kweli?

JIBU: Marahaba dada. Anaweza, na mpelekeni hospitali leo leo maana kiharusi hakiondolewi kwa kukisia. Ila mwambie ainue nyusi. Kwenye kiharusi paji la uso kwa kawaida bado linakunjamana pande zote mbili, lakini ikiumia neva yenyewe ya uso basi upande mzima unalala, nyusi haipandi. Huyo wako jicho halifumbi, tena ana maumivu ya mgongo yanayozidi usiku, mi akili yangu inaenda kwenye ugonjwa wa Lyme ulioshika neva. Unaletwa na bakteria aina ya Borrelia, wanabebwa na kupe, sana sana huko Ulaya na Marekani. Msiseme mbona hakutoka lile duara jekundu ambalo ugonjwa huu huacha kwenye ngozi, wengine halitoki au linatoka mahali hawajioni.

Habari ya kupe itajeni wenyewe, msisubiri kuulizwa. Daktari anaweza kutaka damu na maji ya uti wa mgongo, msiogope. Dawa ni antibayotiki, doksisaiklini ya kumeza au seftriaksoni ya sindano, mara nyingi wiki mbili hadi tatu, na uso kwa wengi unarudi ingawa polepole. Jicho hilo mlilinde lisikauke jamani, hapo ndo watu wanajisahau.

Sasa kama ingekuwa miguu imelegea kwanza halafu udhaifu unapanda juu, hasa kwa mtoto, hapo ningewaambia mkimbie hospitali huku mnatafuta kupe ambaye bado kang'ang'ania, chambueni nywele zote mpaka nyuma ya masikio. Mate ya baadhi ya kupe yana sumu inayopooza, ikifika kwenye pumzi inaua, na mara nyingi kupe akitolewa mgonjwa anaanza kupata nafuu ndani ya saa chache tu. Mtoeni kwa kibano chembamba, mshikeni karibu kabisa na ngozi mvute moja kwa moja, mafuta ya taa na kiberiti wekeni mbali.